Kinga Imeondolewa, Nami Nimepumua

Jumanne. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, na mtaa wetu wa Junda wote ni matope. Naandika alasiri hii, kabla ya magharibi.

Tangazo limetoka. Masharti yote ya afya ya wakati wa korona yamefutwa, na ile kinga ya wafanyabiashara imefutwa pamoja nayo. Ni kweli hakuna aliyekuwa akiyafuata tena, lakini yalikuwa bado yapo, na mabango yake yalikuwa bado ukutani kwangu. Kwa asiyekumbuka, kinga ilikuwa hivi: uweke maji na sabuni mlangoni, upime watu joto, mteja atie sahihi karatasi ya kusema amekuja kwa hiari yake. Ukishafanya hayo, hata akiugua hawezi kukushtaki.

Kazi yangu ni kusinga maharusi. Msichana akikaribia kuolewa huletwa na mamake, nikamsugua mwili mzima kwa unga wa liwa, karafuu na marashi mpaka ngozi iteleze, siku tatu mfululizo, kisha hina. Masharti yalitaka nikae mbali naye mita moja na nusu. Nilikuwa nikiuliza kila aliyekuja kukagua, bi harusi nimsinge na ufagio?

Kwa hivyo nimefurahi, sitajifanya. Nimebandua mabango, nimemwaga maji ya pipa la mlangoni, nimemwaga na mbu waliokuwa wakizaana humo. Mteja wangu wa asubuhi amenisaidia kukwangua gundi ukutani, tukicheka.

Lakini kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Mwanakombo ni shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Katika ule wakati wa korona alimleta binti yake Salma asingwe. Asubuhi ile nilikuwa nakohoa, na mifupa ilikuwa ikiniuma. Nilijiambia ni vumbi la liwa. Mimi ni mtu nisiyependa kusema siwezi, na nilijua nikisema siwezi ataitwa msingaji mwingine. Nikamsinga, barakoa ikiwa kidevuni kwa sababu ya joto la chumba. Karatasi Salma alishaitia sahihi.

Siku ya tano Salma alilazwa. Harusi ikaahirishwa. Alikaa hospitali wiki mbili akisaidiwa na mashine kupumua, kisha akapona, alhamdulillahi. Leo ameolewa na ana mtoto.

Siku ile alipolazwa, Mwanakombo alinitumia ujumbe mmoja tu. Ulikuwa unaumwa?

Mwenyekiti wetu wa wafanyabiashara wa mtaa ni Bwana Musyoka, mwenye duka la vipuri. Alikuwa ametuonya kwamba mteja akiugua tusiende kumtazama wala kumpa pole, kwa kuwa pole ni kukiri, na ukikiri kinga imevunjika. Yeye mtu wa bara, pengine hakujua anatuomba nini. Mimi nilijua. Kwetu mgonjwa hutazamwa hata na aliyegombana naye. Sikwenda. Na badala ya kumjibu Mwanakombo, niliipiga picha ile karatasi yenye sahihi ya mwanawe, nikamtumia.

Picha ya karatasi. Kwa shoga yangu.

Tangu hapo hatusemezani. Kila Shaabani, watu wakizunguka kutakana radhi kabla ya kufunga, nabisha mlango hadi mlango, nikifika karibu na kwake navuka barabara. Miaka yote nimemlaumu Musyoka. Najua ni uongo, maana aliyebonyeza ile simu ni mimi.

Leo saa sita Musyoka amepita dukani kwangu kuhakikisha nimesikia habari. Amesimama mlangoni, hakutaka hata kiti.

"Mama, sasa hakuna kinga," ameniambia. "Hayo maneno ya zamani wachana nayo. Ukiongea saa hii, hiyo ni shauri yako."

Nimemshukuru, maana alinionya kwa nia njema. Alipoondoka nimekaa pale wanapokaa maharusi, nikangoja hofu ije. Haikuja. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo ya kubana. Kumbe kile nilichokiita kinga ndicho kilichokuwa kimenifunga mdomo, na sasa ni shauri yangu kweli.

Baada ya sala ya alasiri nimevaa buibui nikaenda kwa Mwanakombo. Ni nyumba saba tu. Nimepiga hodi ya kwanza nikataka kurudi, nikapiga ya pili. Amenifungulia mwenyewe. Tumesalimiana kwa kirefu, za nyumbani, za wajukuu, za mvua, na wakati wote hakunitazama usoni. Amenikaribisha ndani. Sikukaa.

"Mwanakombo, siku ile nalikuwa naumwa. Nalijijua, na Salma nikamsinga. Niwie radhi."

Yeye ameketi, akawa akikunja na kukunjua leso mapajani mwake. Nilikuwa tayari kwa matusi, na tayari kwa mahakama, wallahi.

"Nalijua," akasema. "Nalikusikia ukikohoa, mimi niko ukumbini. Wageni washafika kutoka Lamu, chakula kishaagizwa. Nikanyamaza. Nikamwambia Salma, ingia mwanangu, usimweke akikungoja."

Nimemuuliza, sasa kama alijua, kwa nini aliniuliza?

"Nalitaka tuwe wawili," akasema.

Nimeketi hapo hapo sakafuni. Mimi nilidhani alikuwa akinitafutia kesi. Kumbe alikuwa na mtoto hospitali na kosa kifuani, akamtafuta mtu mmoja duniani wa kulibeba naye, na mtu huyo akamtumia picha ya karatasi.

Tumelia. Kisha ametia chai, tukanywa, tukawasema watu wa mtaa kama zamani. Nimerudi nyumbani nimechoka sana, lakini kifua kimefunguka.

Kesho saa mbili naanza na bi harusi mpya. Nikiamka na kikohozi, nitampigia mamake simu kabla hawajatoka nyumbani. Na nikiulizwa swali, nitalijibu.