Nilimwambia Mume Wangu Nimefaulu

Mama Mshauri, shikamoo. Nisaidie, maana uongo wangu umenifikisha pabaya. Mwaka jana, 1995, nilifanya mtihani wa taifa wa uuguzi, ule wa kupata leseni, nikaanguka somo la ukunga, na mume wangu Masele aliponiuliza, nilimtazama alivyokuwa na furaha nikajikuta nasema nimefaulu, basi baba mkwe akachinja ng'ombe kwao Bujora, ukoo mzima ukacheza ngoma, na tangu siku hiyo mzee ananiita "daktari wetu". Nikawa naaga kila asubuhi kwamba naenda kazini hospitali, kumbe naenda kwa mwenzangu Josepha, ambaye pia anarudia mtihani. Yeye alipewa na masista wa Bukoba kanda tatu za video za masomo ya ukunga, na kwa kuwa hatuna deki, tunaazima ya Ngosha katika banda lake la video pale Kirumba, kabla hajaanza kuonyesha sinema zake za karate. Mama, yale yaliyonishinda kitabuni sasa nayaona kwa macho, mikono ya mkunga inavyompokea mtoto, nikikosa kuelewa narudisha mkanda nyuma hata mara tano, na najua safari hii nitashinda. Lakini juzi wifi yangu Suzana aliniona naingia bandani saa tatu asubuhi. Masele akaniuliza, "Siku hizi hospitali yenu inaonyesha karate?" Hajala chakula changu siku ya tatu leo. Mtihani ni baada ya wiki tatu. Nimwambie sasa, au nivumilie mpaka nifaulu kweli?

Teodora, Buswelu

Marahaba, mwanangu. Kuanguka mtihani si kosa. Kumlisha baba mkwe uongo pamoja na nyama ya ng'ombe wake mwenyewe, hilo ni kosa, tena la aibu. Unataka kuvumilia wiki tatu? Anayevumilia hapo ni Masele, na sasa hivi anawaza mwanamume mwingine, hawazi mtihani. Mwambie leo, kabla hujapika. Sema, "Nilianguka, nikaogopa, nikakudanganya." Usimtaje wifi yako, usilie ili akuhurumie. Atakasirika, mwache akasirike. Kesho mchukue mpaka Kirumba, akae kwenye benchi aone mwenyewe unachokiangalia. Jumapili nendeni Bujora pamoja, piga magoti, umweleze mzee. Na jirani akikuita kumzalisha mtu, mpeleke hospitali. Bado huna leseni.

Juhudi yako nimeipenda sana. Ila mkanda unafundisha macho, na mtihani unataka kalamu. Mkimaliza kutazama, zimeni deki, Josepha aulize, wewe uandike. Siku matokeo yatakapobandikwa, nenda na Masele, simama nyuma yake, umwache yeye alitafute jina lako.