Jina la Mbwa na Posa ya Diane

Bugarama, Ngara
Jumatano, 11 Machi 2026

Mpendwa dada Josiane,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mwanza, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua Januari kimekuachia. Huku Mama anaendelea vizuri, ila goti linampa habari ya mvua kabla haijafika. Baba ni mzima wa mwili. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Jana saa tisa alasiri mshenga, mzee Protasi, alirudi kutoka Nyakahura na jibu la wakwe. Amesema posa ya mdogo wako Diane haijavunjika, ila imesimama. Watampokea Baba Jumamosi hii, yeye mwenyewe, pamoja na mbwa. Asipofika, kijana wao William ataambiwa atafute mchumba kwingine, na padri ataarifiwa asianze matangazo ya ndoa Jumapili ya tarehe 22.

Najua kwenye simu kila mmoja amekueleza kipande chake. Nakueleza yote kama yalivyofuatana.

Ulipotuletea yule mbwa wa aina ya Labrado mwezi wa nane, uliagiza asiitwe Simba, wala Popi, wala Tomi. Ulitaka jina ambalo halijasikika popote. Wewe umekaa mjini muda mrefu, labda umesahau ugumu wa jambo hilo huku kwetu. Anayempa mbwa jina anazungumza na majirani. Unamkumbuka mbwa wa marehemu babu, aliyeitwa Mtanikumbuka. Majirani wa bondeni walikaa miaka miwili bila kutusalimia.

Baba alitaka jina lisiloongea na mtu yeyote. Wiki mbili nzima mbwa alikaa bila jina, na hilo nalo likawa neno. Jirani Nkeshimana alisimama kwenye ua wa migomba akauliza, "Mzee Leonidas, mbona huyo hamumwiti? Au jina lake ni letu, mnangoja tuondoke?" Baba akasema hakuna jina. Nkeshimana akacheka, lakini hakuingia ndani kama kawaida yake.

Siku ya gulio Baba alikwenda Nyakahura kuuza maharage. Mfugaji mmoja alikuwa anawasimulia wenzake habari za mzee wa zamani aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko miti, akiitwa Ng'washi. Baba alirudi na jina hilo. Alisema mbele ya Mama na mimi, "Hili halina jirani huku." Nililisifu. Siwezi kuliondoa hilo katika maelezo haya.

Mbwa alilipokea siku ya pili. Sasa ana miezi saba analiitikia, na halijui jingine.

William alipoleta barua ya posa mwezi wa kwanza, sisi tulimjua kwa jina moja tu, la William. Diane alijua kwamba watu wake ni Wasukuma waliohamia Nyakahura kutoka Shinyanga, na kwamba babu yake alishafariki. Jina la babu hakuwahi kulisikia, kwa sababu nyumbani kwao halitajwi ovyo.

Jumamosi ya tarehe 28 Februari walikuja watu wanane. Bibi yake William, Nyamizi, alikaa kiti cha mbele. Mambo yalikwenda vizuri hadi chakula. Unawajua mbwa wa aina hiyo: hawabwekei wageni, wanawapenda. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akaweka miguu ya mbele magotini kwake na pua kwenye sahani. Baba akapaza sauti, "Ng'washi, toka hapo! Ng'washi, huna adabu wewe!"

Baba mdogo wa William akaweka kijiko chini. "Unamwita nani, mzee?"

"Mbwa."

"Rudia jina lake."

Baba akarudia. Yeye ni mtu wa kujibu anachoulizwa.

Bibi Nyamizi alinawa mikono, akaenda kukaa ndani ya gari. Baba mdogo ndiye aliyetueleza kwamba Ng'washi ni marehemu mume wa bibi huyo, na kwamba mtoto wa kwanza wa William ndiye atakayeitwa jina hilo. "Sasa tumwite nani," akauliza, "na mwenye jina yuko chini ya meza anakula mifupa?" Baba akasema pole. Wakaondoka saa nane na robo, wali ukiwa nusu.

Tangu siku hiyo hakuna anayemwita mbwa. Diane amejaribu majina manne. Hageuki hata sikio. Mama anagonga sufuria wakati wa kula. Baba anamwambia "wewe".

Protasi amekwenda Nyakahura mara tatu. Mara ya kwanza Baba alimtuma aseme tutabadilisha jina. Mara ya pili alimtuma na mbuzi. Mbuzi akarudi naye. Jana amerudi na maneno ya bibi mwenyewe, nami nikamwomba ayaseme mara mbili ili nisikosee: "Mume wangu hakuwahi kuitwa kwa mluzi. Lakini mbwa hana kosa. Aliyekosa ana miguu miwili, aje nayo. Na jina jipya nitalitoa mimi."

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Pole nilishasema. Na mbwa wangu nimpeleke akabatizwe na mtu mwingine?" Halafu akaongeza kwamba aliyemleta mbwa ndiye angeleta na jina. Hilo lilikuwa lako, dada. Usilichukue zaidi ya lilivyo.

Diane hakulia. Alimwambia, "Baba, uliogopa majirani wa mita hamsini. Hawa nao watakuwa majirani zangu maisha yangu yote." Akaenda kuchota maji. Chakula cha jioni Baba hakukigusa.

Leo asubuhi Frednand, yule mwenye Probox, alipita barabarani. Baba akamsimamisha akamwuliza kama gari lake linapakia mbwa. Frednand akasema, "Linapakia hata ng'ombe, mzee, mradi alipe kwa siti." Baba akamwambia hakuuliza habari za ng'ombe, akarudi ndani. Nilimwuliza kama atakwenda. Alisema niendelee na kazi zangu.

Simu zako hapokei, lakini barua hii inapanda basi la Mwanza kesho, na simu yako ya Ijumaa huenda akaipokea ukimpigia kupitia kwa Mama. Usimwombe. Mwambie tu kwamba jina lolote bibi atakalompa, wewe mwenye zawadi umelikubali. Nadhani hilo ni mojawapo ya anayoyangoja.

Mama na Diane wanakusalimu sana. Mfikishie salamu zangu shemeji Niyongabo, na umwambie mwanao Iradukunda kwamba mjomba wake hajasahau daftari alilomwahidi. Mwenyezi Mungu awazungushie ulinzi wake, nasi atupitishe wiki hii.

Probox inaondoka hapa Jumamosi tarehe 14, saa mbili asubuhi. Diane ameshika siti ya nyuma, pamoja na Protasi na mbwa. Ya mbele haina mtu bado. Frednand amesema atasubiri kidogo, na ataiacha wazi hadi saa mbili na nusu.

Mdogo wako akupendaye,
Celestini