Neno Nililolitafsiri Kizuizini

Jumatatu, 9 Januari 1984. Moroni
Nimefika chuoni Mvouni saa moja na nusu, kwa miguu. Somo la uraia saa mbili. Fundi wetu, ndivyo tunavyomwita mwalimu hapa, ni Mtunisia; ametupa insha ya kurasa nne: raia wa dunia ni nani? Badru, anayekaa nyuma yangu, kanong'ona: "Mwandikie ni mtu mwenye pasipoti ya Ufaransa." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikwisha kuanza mpangilio: utangulizi, hoja tatu, hitimisho.

Alhamisi, 12 Januari
Kumi na saba kati ya ishirini. Fundi amesoma insha yangu mbele ya darasa. Niliandika kwamba nimezaliwa Unguja kwa wazazi wa hapa, nikasoma huko hadi kidato cha nne, sasa nasoma Kifaransa chuoni. Kwa hiyo kwangu mipaka ni mistari tu kwenye ramani. Nilipenda ilivyosikika.
Badru kapata nane. Kaandika nusu ukurasa: kwamba kwao Mutsamudu, kisiwa cha jirani, mpakuzi akiumia bandarini, wanaombeba hawaulizi katokea kisiwa gani. Fundi kasema haina mpangilio. Nilimuunga mkono kwa sauti.

Jumamosi, 14 Januari
Nitaandika kwa utaratibu, la sivyo sitaandika.
Saa kumi alasiri tulikuwa tunashuka kwenda mjini, Badru, mimi na wenzetu wawili. Kizuizi barabarani. Askari wanne wa kwetu na Mzungu mmoja, wa wale wa kukodiwa waliopindua serikali mwaka 1978. Wakapekua mifuko. Katika daftari la Badru wakakuta barua yenye stempu ya Tanzania, kutoka kwa binamu yake wa Dar es Salaam. Wakubwa wa hapa hawaamini chochote kitokacho nchi ile ya kijamaa. Kila mtu anajua.
Mzungu akauliza kwa Kifaransa nani anasoma Kiswahili. Hakuna aliyenitaja. Nilinyoosha mkono, kama darasani.
Barua ilianza: "Ndugu Badru." Kisha homa, mazishi, kanga mbili za mama. Binamu kumwita binamu yake ndugu, basi. Nilijua. Lakini nilikumbuka pia redio ya Unguja: Ndugu Katibu, Ndugu Mwenyekiti. Nikasema: "Camarade." Nikaongeza kwamba ndivyo wanavyoitana watu wa chama kule. Nilisema kwa utulivu, kama mtaalamu.
"Vizuri sana, profesa," akasema Mzungu.
Nilifurahi. Kwa pumzi moja, nilifurahi.
Badru akaniangalia. "Endelea, msomi. Na kanga waambie ni bunduki."
Wakampakia garini.

Jumapili, 15 Januari
Sikutoka. Mjomba ninayekaa kwake kauliza kama ninaumwa. Nimesema ndiyo.

Jumatatu, 16 Januari
Kiti chake kitupu. Somo: wajibu wa raia wa dunia. Fundi alitaka mfano kutoka kwangu. Nilisema sina.
Baada ya kipindi nikamweleza yote. Akafunga mlango kwanza. "Mwanangu, mimi ni mgeni hapa. Nina mkataba wa mwaka mmoja." Akafuta ubao, ingawa ulikuwa safi. Sikuweza kumlaumu. Yeye hakunyoosha mkono.

Jumanne, 17 Januari
Nimeitafsiri barua upya kwa kadiri ninavyoikumbuka. Neno "frère", yaani ndugu wa damu, nimelipigia mstari. Nikaenda nayo kwenye lango la kambi ya jeshi, nikasimama hadi adhuhuri. Askari wa zamu, rika langu, alikuwepo siku ile barabarani. "Juzi hivi, leo hivi. Kesho utatuambia ni barua ya posa?" Wenzake wakacheka. Karatasi aliichukua. Sijui aliipeleka wapi.

Ijumaa, 20 Januari
Badru ameachiwa. Wamempandisha meli moja kwa moja, kwao Mutsamudu. Kwenye orodha ya chuo jina lake limepigwa mstari. Wino mwekundu, kwa rula.
Nimesali msikiti wa Badjanani, safu ya mwisho. Sikutaka mtu anipe mkono.

Jumatano, 1 Februari. Mutsamudu
Nimeshuka melini asubuhi. Nilimkuta Badru bandarini, gunia la mchele begani. Mdomo wake umevimba upande mmoja, jino halipo. Hakunisalimu. Aliponiona nasimama tu akasema, "Nenda nyumbani. Mama anapenda wageni."
Mama yake alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo. Alinipa kigoda. Kumbe Badru kamwambia amefukuzwa kwa uvivu. "Nawe ulikuwa unasoma naye," akasema. "Alikuwa hasomi kweli?"
Angeniamini, lolote ningejibu.
"Hapana, Bweni," nikasema, kama wanavyoitwa akina mama hapa. "Ni mimi." Nikamweleza barua, neno, mkono nilionyoosha. Kishindzuani changu, lugha ya kisiwa chao, kibovu. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau kanga. Nilipomaliza nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi.
Vidole vya mama viliendelea kutoa mawe. Kisha bila kuinua macho:
"Sogea. Unanizibia mwanga."
Nikasogea.