Tulivyofukuzwa Kaburini kwa Mfalme

Dada Veronika,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na miguu yake? Watoto hapo mtaani Ng'ambo hawajambo? Mimi huku Dubai mwili ni mzima, ila nina hasira, na ninaandika kwa sababu kila nikipiga simu unanikatia.

Umemtangazia kila mtu kwamba nimekwenda kutalii Misri wakati matanga ya baba hayajapoa, na kwamba hata chozi sikutoa. Umenionea, dada! Baba alipofariki nilimwendea meneja nikimsihi. Akasema likizo yangu bado wiki tatu. Baba angesubiri wiki tatu? Mkamzika Bukene, mimi huku natandika vitanda vya wageni. Wiki zilipotimia, yuleyule akaniambia, "Sasa nenda kapumzike." Kupumzika! Na tiketi ya Misri nilishailipia tangu mwanzo wa mwaka, hairudishwi wala haibadilishwi. Ningefanyaje?

Nilikwenda na Yohana, Mgogo wa Kongwa anayefua mashuka hapa hotelini. Piramidi tumeziona, ni kubwa kweli, unatazama mpaka shingo inauma. Lakini hasa nilitaka kuona makaburi ya wafalme wa kale, yaliyochongwa ndani ya mlima. Tukapanga foleni juani, tukashuka ngazi, kuta zimechorwa rangi utadhani fundi kaondoka jana. Chini kabisa, jeneza la jiwe.

Sijatazama hata vizuri, Yohana huyo, kajilaza chali mbele ya jeneza, kama watani wanavyojilaza kaburini kwetu mpaka wafiwa watoe chochote. "Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele. "Mpaka Mnyamwezi huyu anilipe! Na marehemu mwenyewe alikuwa mchoyo wa ugali!" Wazungu wakaruka nyuma, mama mmoja akapiga yowe. Walinzi wakatukamata wote wawili, mimi sina kosa lolote, wakatutoa nje, tiketi wakazichana.

Nilimtukana, dada. Nilimwambia ni mwendawazimu, kaniaibisha mbele ya dunia nzima. Akakung'uta vumbi kwenye suruali, akasema bila kucheka hata kidogo:

"Babu zangu na babu zako wamezikana tangu enzi za misafara. Baba yako kazikwa, mimi mtani wako sikuwepo. Na wewe hujalia mpaka leo, nakuona. Ulitaka nikutanie wapi, kwenye mashine ya kufulia?"

Nikakaa chini kando ya njia, nikamlilia baba kwa sauti, watalii wanapita na kofia zao. Yohana akasimama pembeni akinikinga jua kwa mwili wake.

Basi usiseme tena sikulia. Meneja sijamsamehe, na wewe pia bado nina neno nawe.

Nisalimie mama, shemeji na cherehani yake, shangazi wa Igunga aliyewapikia waombolezaji, na mzee wa kanisa aliyemwombea baba. Kaka Josefu nasikia ameshanunua saruji ya kujengea kaburi. Mwambie asiliguse. Krismasi nakuja na Yohana, na amesema hajengi mtu pale mpaka yeye alale kwanza.

Mdogo wako,
Emanueli