Kisiwa cha Nyangeta

Musoma, Jumamosi. Ziwa limechafuka tangu asubuhi, upepo unagonga mabati, nami nina kinyaa ambacho chai haikukiondoa.

Ni kinyaa cha kujichukia.

Juzi binti yangu aliniwekea kwenye kompyuta programu ya bure ya kuchora milinganyo. Nieleze kidogo, mwalimu mstaafu hawezi kujizuia. Iko milinganyo ambayo kuitenga y upande mmoja ni usumbufu, kwa hiyo zamani tulitafuta nukta moja moja kwa penseli. Programu hii unaiandikia mlinganyo kama ulivyo, nayo inachora.

Leo nimeiandikia y² = x³ − 4x.

Vimetokea vipande viwili. Kulia mkunjo ulio wazi, kushoto umbo kama yai, peke yake. Katikati hakuna kitu.

Nimeweka kikombe chini.

Mchoro huo niliwahi kuuona, miaka ile ya foleni za sukari. Karatasi ya grafu ilikuwa moja kwa kidato cha tano kizima, ya kuchorea jibu la mwisho tu. Zamu ilikuwa ya Nyangeta, msichana wa Kibara. Alichora hivi hivi.

"Mlinganyo mmoja, mstari mmoja," nilimwambia. "Hiki kisiwa umekitoa wapi, Ukerewe?"

Darasa likaangua kicheko.

"Lakini mwalimu, nikiweka moja inakataa. Hasi moja inakubali."

Sikukokotoa. Nilimchapa kwa kuharibu karatasi ya wenzake, nikamfutisha mbele yao. Wakamwita Kisiwa. Wiki iliyofuata alihamia mchepuo wa sanaa. Baadaye nchi ikafungua biashara, karatasi za grafu zikajaa madukani. Yeye alikuwa ameshaondoka.

Mchana nimeongeza z, yaani kimo: z = x³ − 4x − y². Programu ikachora uso mzima, kilima na bonde. Nikaukata kwenye sifuri, kama usawa wa maji ya ziwa. Yai la Nyangeta likabaki juu ya maji, mbali na bara.

Kilikuwa kisiwa kweli.

Mwezi uliopita tulikutana stendi ya Bunda, ana gunia la dagaa, anarudi kwao Kibara. "Shikamoo mwalimu! Mimi ni yule mliyekuwaga mnamwita Kisiwa!" Alicheka, nami nikacheka naye. Kicheko hicho ndicho kinachonitia kinyaa.

Jumatatu nakwenda Kibara na mchoro huu. Sitaeleza chochote, nimeeleza vya kutosha maishani. Nitamwambia nilikosea, na nitamwita Nyangeta.