Herufi za Kaburi la Mama

Jumatatu, 8 Agosti 2005
Kitale. Umeme umepotea mara mbili kabla ya saa nne. Mwenye harusi amekataa kadi zake, anasema majina yamekatika. Ni kweli. Fonti ninayoipenda ina nguzo nene na mistari myembamba kama unywele, na mashine ya fotokopi humeza ile myembamba. Kwenye kompyuta ilipendeza mno. Nimechapa upya kwa herufi za kawaida. Nimeudhika, sijui nimeudhikia nani.

Jumanne, 9 Agosti
Kaka yangu mkubwa, Wafula, amepiga simu kutoka Kamukuywa. Kesho fundi anasakafia kaburi la Mama, na jina litachongwa simiti ikiwa mbichi. Nipeleke mchoro. Herufi nene, wazee wasome bila miwani. Ameniachia hilo tu. Yeye alimuuguza Mama miezi saba, mimi nilituma dawa na visingizio. Basi nataka jina liwe zuri kuliko yote pale nyumbani. Nimechora ANNA kwa fonti yangu ileile. Ya jana nayajua. Mkono haukusikia.

Jumatano, 10 Agosti
Fundi ameguna kuona mchoro. Mistari minene kaichonga kwa ncha ya mwiko, myembamba kwa wembe. Imependeza. Hata Wafula hakupinga. Nimerudi Kitale nikijisifu.

Ijumaa, 12 Agosti
Wafula kwenye simu. Hakugomba. "Kuja uone." Basi.

Jumamosi, 13 Agosti
Kamukuywa. Kumbe nilipoondoka fundi alipaka niru juu ya kaburi lote, ling'ae, kama afanyavyo kila mara. Simiti hiyo laini ikajaza kila mstari mwembamba. A imebaki na mguu wa kulia. N imebaki na ule wa katikati, uliolala mshazari. Mistari minne, yote imeinamia upande mmoja, kama mvua ya upepo. Jina la Mama halipo.

Wafula akaniuliza polepole, "Hii ulikuwa unachorea nani, wewe ama Mama?"

Sijui. Nilitaka kumheshimu Mama, au nilitaka watu waone najua kuchora? Labda yote mawili. Nageuza kichwani, hakuna kinachokaa. Aibu ndiyo ninayoijua. Fundi anasema Jumatatu atabomoa, aweke herufi za kawaida. Nimemwomba angoje.

Jumapili, 14 Agosti
Sikwenda kanisani. Patasi, nyundo, stuli ya jikoni: naichonga upya mistari iliyozibwa. Simiti imekuwa ngumu, na mstari mwembamba haukubali haraka. Ukigonga kwa nguvu unapasuka. Wafula amepita mara mbili. Mara ya pili aliacha chai.

Hadi jioni nimemaliza A ya kwanza. Moja tu. Bado sijui ni ya nani.

Kutwa nzima nimekaa na Mama. Alipokuwa mgonjwa sikuwahi kukaa hata saa mbili.