Zimwi Lisilo na Hofu

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, kichwa tu ndicho kinachowanga. Wewe je, unakula vizuri? Nakupigia simu kila siku haipokelewi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kazi nimepata, kwenye ofisi inayochapisha vitabu vya watoto, ila bado niko kwenye majaribio. Mhariri wetu, mama mmoja asiyecheka hata akitekenywa, anataka kitabu cha mazimwi na mizimu, na kila asubuhi tunazunguka meza kubuni. Wenzangu wanaleta majini yenye mapanga. Mimi daftari langu ni jeupe, na nikiendelea hivi watanionyesha mlango.

Nikasema niende kwa mwenye kiwanda. Unakumbuka mama alipotutoka, ukanichukua? Nilikuwa najificha chini ya meza yako ya kukatia nguo, wewe unashona huku unanibunia mazimwi, nami sitoki mpaka kila zimwi lipewe kitu linachokiogopa. Hapo ndipo ulipokuwa ukisema, "Haya, toka chini ya meza, ukalale." Nitumie machache, Mjomba. Wakinifukuza nitarudi kukushonea vifungo, na unajua ninavyovishona.

Mpwa wako

---

15 Februari

Mama Maswali,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta nipo, cherehani inazunguka, tunamshukuru Mungu. Simu imeharibika. Fundi simu kila nikienda ananiambia njoo kesho, na mimi fundi nguo sina uso wa kumlaumu.

Chukua huyu. Ni mzimu wa mteja aliyefariki kabla ya kuchukua suti yake. Kila Jumamosi anasimama mlangoni kwa fundi kuuliza kama iko tayari. Anaogopa kuambiwa njoo kesho. Akisikia hivyo anarudi kaburini mwenyewe bila kusukumwa, maana hata wafu wanaijua kesho ya fundi.

Mwingine ni zimwi la mguu mmoja linaloiba viatu vya kushoto. Linaogopa mtoto anayetembea peku, kwa sababu halijui limwanzie wapi.

Sauti yangu imekauka kidogo, ni vumbi la vitambaa. Usianze maswali yako. Shika kazi.

Mjomba wako

---

23 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na vumbi, fungua dirisha ufanyapo kazi. Huku sijambo, tena leo zaidi. Nilipowasomea habari ya mzimu wa suti, mhariri alionyesha jino. Wenzangu wanasema hawajawahi kuliona.

Sasa anataka moja la kutisha kweli, la kumfanya mtoto avute shuka mpaka puani. Nikifaulu hapo, kazi ni yangu. Najua unalo, umelificha tu.

Mpwa wako

---

20 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Natumaini u mzima. Nimekawia, mkono ulikuwa mzito.

Umeomba la kutisha. Hili nimelipa jina la Kimezasauti. Halina pembe wala mkia. Linaingia mtu akiwa kwenye shughuli zake, linajibanza kooni, dogo kama kifungo cha shati. Kwanza linakula nyimbo zake. Kisha linakula maneno marefu, linamwachia mafupi. Kisha linarudi kuyafuata na hayo mafupi, mpaka mwenye koo anabaki kuwaonyesha wateja kwa vidole. Likishamaliza sauti linaanza kumnyang'anya chakula. Wenye makoti meupe wakimmulika na taa yao wanaliona, wanatazamana, wanamuuliza ana ndugu gani wa karibu. Yeye anatikisa kichwa, kwa kuwa ndugu aliye naye ameanza kazi juzi tu.

Linaogopa nini, bado sijajua. Hebu tafuta na wewe.

Mjomba wako

---

29 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeajiriwa!

Nilipomaliza kusoma Kimezasauti, mwenzangu mmoja alishika koo lake. Mhariri akasema hilo ndilo litakalobeba kitabu, hasa hapo pa makoti meupe. Akataka tu lipatiwe hofu, kama mengine. Tumekubaliana liogope asali. Mtoto anakunywa kijiko cha asali, zimwi linateleza, linatemwa, linakanyagwa. Unaonaje? Nitakutumia nakala ya kwanza kabisa.

Mpwa wako mwajiriwa

---

18 Aprili

Mama Maswali,

Marahaba. Hongera, mwanangu. Nimefurahi mpaka imebidi nikae chini.

Asali nimejaribu. Haliogopi. Maji ya chumvi pia.

Mjomba wako

---

27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea mezani, mbele ya wenzangu. Walicheka, wakasema mjomba wako kiboko. Mimi nikaisoma tena, nikaiweka kando ya ile ya Kimezasauti.

Simu yako haijaharibika, sivyo? Uliniandikia kila kitu, nami nikakibeba kwenda kupigiwa makofi. Nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi. Naondoka kesho asubuhi. Huenda nikafika kabla ya barua hii, lakini leo siwezi kukaa bila kukuandikia.

Mpwa wako

---

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Sisi huku tumebaki.

Barua hii naiweka kwenye droo ya cherehani yako. Simu niliikuta humo humo, nzima kabisa, imejaa simu zangu usizoweza kuzijibu bila sauti.

Ofisini wameniandikia wanataka Kimezasauti. Nimewaambia wachukue mzimu wa suti na mwizi wa viatu, hilo halimo. Mhariri amejibu kwa ukali. Potelea mbali.

Siku ile ya mwisho ulipokataa kitanda, ukataka kulazwa kwenye kochi karibu na meza ya kukatia, sikujua nijiweke wapi. Nikaingia chini ya meza, mtu mzima mimi, magoti kidevuni. Nikakuambia nimetafuta kila mahali, Mjomba, sijaona linaogopa nini. Nikasikia chaki yako ikikwaruza juu ya kitambaa. Kisha ukakishusha, kipande cheusi, mpaka usawa wa macho yangu.

Majirani wamekuja kusafisha chumba, wamekunja vitambaa vyote. Hicho nimewakataza wasikikung'ute. Chaki yako bado inasomeka: "Haya, toka chini ya meza, ukalale."

Mpwa wako